Maswali ya Bustani: Rozimeri Ikae na Nani?

Mwezi uliopita niligusia rozimeri kidogo tu, mistari miwili hivi, nikasema ni mmea mzuri wa kuweka karibu na mlango wa jikoni. Kumbe watu wengi wako nayo na inawasumbua. Barua zimetoka Kisumu, Nakuru, Kakamega mpaka Bungoma na karibu zote zinauliza kitu kimoja, nipande nini kando yake. Basi leo ukurasa wote ni wa rozimeri, wa mbuzi na kuku mtanivumilia mpaka mwezi ujao.

Shangazi, habari yako. Niko Mamboleo, Kisumu. Nilinunua mche wa rozimeri kwa nasari nikaupanda kando ya bomba la nje pamoja na mnanaa na dania, nikitaka majani ya chai ama ya samaki nachuma mahali pamoja. Wiki tatu ilikuwa sawa kabisa, alafu mvua ya Aprili ikaanza, sai majani ya chini yamekuwa kahawia na ukigusa yanaanguka. Nikaona imekauka nikaongeza maji, ndio inazidi. Jirani anasema mnanaa ndio unaiua, ati hiyo mimea inachukiana. Ni kweli? – Mama wa watoto watatu, Mamboleo

Pole sana mama wa watoto watatu. Jirani yako ameona kitu cha kweli ila ametaja mkosaji ambaye siye. Mnanaa haujaifanyia rozimeri kitu chochote kibaya, chenye kinaiua ni maji, na mnanaa unapenda hayo hayo maji.

Fanya hivi. Chukua kijiti ufukue polepole upande mmoja wa shina mpaka uone mizizi. Mzizi mzima wa rozimeri ni mgumu kidogo na ndani ni mweupe. Ukikuta ni mweusi, ukiubana kwa vidole ganda linavuka linabaki kama uzi mwembamba, na udongo una harufu kama ya mtaro uliosimama, basi mizizi imeoza. Mimi nilipoteza rozimeri nne hivyo hivyo miaka ile nilikuwa naishi Kisumu, na kila moja niliendelea kuimwagilia hadi siku ya mwisho juu nilidhani ni kiu. Ndio ubaya wake, mmea wenye mizizi imeoza hauwezi kunywa, kwa hivyo juu unaonekana kama umekosa maji na kumbe chini umezama.

Ng'oa jani moja uligeuze uliangalie. Jani ni jembamba kama sindano, kingo zake zimejikunja kwa ndani, na chini kuna manyoya meupe mafupi. Hilo ni jani la mmea uliozaliwa mahali pa kukosa maji. Kwao rozimeri ni pwani za Mediterania, Uhispania na Italia na upande wa kaskazini ya Afrika, kwa vilima vya mawe ambapo kiangazi chote hakuna mvua. Sasa sisi tunaichukua tunaiweka kwa ule udongo mweusi wa Kisumu, blaki kotoni, ambao mvua ikinyesha unashika maji kama sponji na jua likiwaka unapasuka hadi mguu wa mtoto unaingia. Mizizi ya rozimeri inataka hewa na hapo haipati.

Kwa hivyo mama, swali la nani akae na rozimeri mimi naligeuza, nauliza nani ana kiu kama yake. Orodha nyingi za mtandaoni zinapanga mimea kwa harufu, ati hii inafukuza mdudu fulani hii inaongezea ile ladha, lakini mimea miwili yenye kiu tofauti kwa shimo moja lazima mmoja ateseke, na ukimwagilia kwa kipimo cha mnanaa umeiozesha rozimeri, ukimwagilia kwa kipimo cha rozimeri dania inakimbilia maua kabla hujaila mara mbili.

Wenye kiu kama yake ni jamaa zake wale wa kwao, thaimu, oregano, seji na lavenda. Kwa Kisumu mimi ningeanza na oregano, ni ngumu na inatambaa chini inafunika udongo, alafu thaimu. Lavenda inasumbuka na joto la unyevu la ziwa kwa hivyo hiyo usiiwekee pesa nyingi. Ongeza mshubiri pia, wengi wanausahau na uko kila boma, hauombi maji na haugombani na mtu.

Mahali pa kuiweka sasa. Usijaribu kurekebisha blaki kotoni kwa karai moja ya mchanga. Nimeona watu wakifanya hivo na wanapata kitu kama simenti, mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi unafanya udongo kuwa mgumu zaidi. Inua bedi sentimita 30 mpaka 40 juu ya ardhi, zungushia mawe ama mabao, ujaze udongo mwekundu mwepesi uliochanganywa na mchanga wa mto na mbolea kidogo iliyooza vizuri, kidogo nasema, rozimeri ya mbolea nyingi inarefuka laini na haina harufu. Kama huna nafasi ndoo kuukuu ya lita 20 inatosha, toboa mashimo manane ama kumi chini na uiinue juu ya mawe mawili ili maji yatoke kweli. Iweke mahali jua linapiga masaa sita au zaidi.

Mnanaa uache pale pale kwa bomba, umefika kwao, lakini upandie ndani ya ndoo iliyokatwa kitako kwa sababu mizizi yake inatembea chini kwa chini, mwaka mmoja utaukuta umefika kwa mlango. Dania ikae kando yake penye kivuli cha mchana. Ile rozimeri yako kama bado ina matawi mabichi juu kata vijiti leo, usingoje, nimeeleza namna kwa jibu la mwisho. Na ukiipata tena, tia kitawi kimoja ndani ya tumbo la samaki ngege kabla ya kuichoma, na ndimu na chumvi tu. Utaniandikia.

Shangazi, nalima sukuma wiki na kabeji kwa robo ekari huku Lanet, Nakuru. Nimechoka na vidukari na viwavi, dawa ni ghali na wateja siku hizi wanauliza kama nimepuliza. Niliona video kwa simu inasema nikizungushia shamba rozimeri pande zote wadudu wote watatoroka. Nataka kununua miche mia mbili. Ninunue? – Baba Lanet

Baba Lanet, usinunue mia mbili. Usikasirike, najua umechoka na najua hasara ya kuamka asubuhi ukute kabeji ya wiki nane imejaa matundu, lakini hiyo video imechukua ukweli kidogo ikaunyoosha sana.

Ukweli wenyewe ni kwamba mafuta ya rozimeri yanachukiwa na wadudu. Yakikamuliwa yakapulizwa, vidukari, inzi weupe na utitiri huwa wanayakwepa, na kuna dawa za asili zinazotengenezwa nayo. Ila hayo ni mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwa majani mengi sana. Kichaka kilichosimama tu kwa ukingo kinatoa harufu kidogo mpaka kiguswe, na upepo wa Lanet unavyopiga mchana, harufu hiyo inaenda upande mmoja na vidukari wanaingia kwa upande mwingine.

Lakini usitupe wazo lote. Harufu ya mmea kufukuza mdudu si hadithi, na mfano wake mkubwa uko hapa hapa kwetu. Kule Mbita kando ya ziwa, icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu, walitengeneza ile njia ya sukuma-vuta ya mahindi, wakishirikiana na watafiti wa Rothamsted ya Uingereza, miaka ya 1990. Desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, inapandwa katikati ya mistari ya mahindi na harufu yake inamfukuza nondo wa kiwavi kinachotoboa shina, alafu majani ya nepia yanazungushwa nje yanamvuta huko aende atage mayai mahali viwavi wake wengi watakufa. Na juu ya hayo mizizi ya desmodiamu inazuia kayongo, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Wakulima wengi wa Nyanza na Magharibi wanaitumia mpaka leo. Ona vile imepangwa lakini, mmea wa kufukuza uko katikati ya mistari na si kwa ukingo, na ulichaguliwa baada ya kujaribiwa kwa zao moja na mdudu anayejulikana. Huwezi kuchukua hesabu ya desmodiamu na mahindi ukampa rozimeri na kabeji.

Na kuna sababu nyingine kwa nini kuchanganya mimea kunasaidia hata bila harufu. Mdudu anayetafuta kabeji anaruka akiona kijani anatua, anaonja jani kwa miguu yake, kama ni kabeji anatua tena na tena hadi ahakikishe ndio atage. Kabeji zikiwa peke yake juu ya udongo mtupu kila akitua ni kabeji. Kukiwa na kijani kingine katikati anatua kwa jani la kitunguu, mara kwa dania, anachanganyikiwa anaenda zake. Kijani chochote kinasaidia, mradi kiko katikati.

Kwa hivyo mimi shamba lako ningelipanga hivi, mistari miwili ya sukuma mmoja wa vitunguu ama dania, na dania zingine uziache zitoe maua. Yale maua meupe madogo yanaita nzi fulani mwenye mistari ya njano kama nyigu, anaelea hewani bila kusonga, mabuu yake wanakula vidukari kwa mamia, na yanaita pia nyigu wadogo sana ambao hata hutawaona. Kazi yao ndio utaiona. Geuza jani la sukuma uangalie wale vidukari wa kijivu, katikati yao utakuta wengine wamevimba wamekuwa kahawia kama punje ndogo ya mtama, hawasongi. Hao wametagwa ndani na huyo nyigu. Ukikuta mmoja ana tundu dogo la duara mgongoni ujue nyigu mwingine ameshatoka humo. Jani la namna hiyo usilipulize na usilitupe, liache.

Wale wengine wafinye kwa kidole mara mbili kwa wiki, ama puliza maji ya sabuni jioni, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, ipate chini ya majani kwa sababu isipomgusa mdudu haifanyi kitu. Viwavi wa kabeji wanahitaji kuokotwa kwa mkono wakiwa bado wadogo, sabuni haiwatoshi.

Rozimeri ipande, ndio, ila chache, kumi na tano ama ishirini, na uzitoe kwa vijiti bila kununua. Weka kwa vichwa vya mabedi upande wa juu usiopata maji mengi, kama mita moja kutoka kwa sukuma ya kwanza, kando ya njia unayopita kila siku ili nguo yako iziguse ukipita harufu itoke. Sukuma wiki inakunywa sana, inataka maji na mbolea kila wakati, rozimeri ikiwa katikati yake itaoza. Udongo wa Lanet ni wa majivu ya volkeno, mwepesi, maji yanapita haraka, hapo una bahati kuliko yule mama wa Mamboleo. Alafu ukikata vifungu wapelekee watu wa nyama choma na mahoteli mjini, sukuma ikiharibika rozimeri bado itakuwa imesimama.

Kuna mtu mwingine wa Molo ameuliza kama pareto ikipandwa kando ya rozimeri inalinda bustani. Kwa udongo zinapatana, zote zinataka maji yapite, na baridi ya Molo ndiyo inafanya pareto itoe maua vizuri. Ila sumu ya pareto ya kuua wadudu iko ndani ya ua, inafanya kazi ua likikaushwa likasagwa. Ua likiwa bado shambani halipulizii jirani yake dawa. Na ukiisaga usiipulize wakati nyuki wako kwa maua, inawaua pia.

Shangazi, sisi ni 4K Club, klabu ya kilimo, ya shule ya msingi karibu na Kakamega. Tuna mizinga miwili ya nyuki na watoto wanataka kupanda rozimeri na maua mengine karibu. Pia tuna managu, mrenda na kunde. Mvua huku ni karibu kila jioni. Tunaweza kuchanganya? – Mwalimu wa kilimo

Mwalimu, nimefurahi mno na hii barua, watoto wanaojua nyuki hawatakuwa wakulima wa kupuliza ovyo.

Kakamega inapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka kwa hivyo shida yenu ni ile ya Mamboleo kwa sura nyingine. Udongo wenu mwekundu unapitisha maji vizuri kuliko blaki kotoni, lakini mvua hiyo yote imeosha chokaa na udongo mwingi wa huko ni wa asidi, na rozimeri inapenda ulio karibu na katikati, usio na asidi nyingi wala chokaa nyingi. Pimeni kwanza mkiweza, afisa wa kilimo wa wadi atawaonyesha pa kupeleka. Kama ni asidi wekeni chokaa ya shamba ama jivu la kuni, konzi moja kwa kila shimo inatosha, na iwe kuni tupu, msichome plastiki humo. Chagueni mahali pa mteremko, juu, si chini maji yanapojikusanya.

Managu na mrenda wekeni bedi lao, hizo zinapenda mbolea na unyevu. Kunde inaweza kukaa na rozimeri, haiombi mbolea nyingi na jua kali inavumilia, ila chagueni ile fupi maana ya kutambaa itapanda juu ya rozimeri iifunike. Kwa nyuki pandeni seji, thaimu, oregano, na lavenda mkipata miche. Oregano msiikate yote, iachieni maua, nyuki wanaishambulia ajabu. Rozimeri nayo kateni nusu ya vichaka leo na nusu ingine baada ya miezi miwili, ndio daima kuwe na chenye maua. Marigold pandeni pia, tena kwa wingi, mizizi yake inapunguza minyoo ya udongo inayofanya mafundo kwa mizizi ya mboga, lakini miche mitatu kwa kona haifanyi kitu, lazima ijaze bedi kwa msimu mzima alafu mboga zifuate.

Na somo moja la darasa. Waambie watoto wachume jani la rozimeri na jani la seji, wafikiche wanuse, wafunue na maua wayalinganishe, midomo miwili, ile ya juu na ya chini. Mwaka wa 2017 wanasayansi wa mimea waliitoa rozimeri kwa ukoo wake wa zamani wa Rosmarinus wakaiingiza kwa Salvia, ule wa seji, sasa jina lake ni Salvia rosmarinus. Watoto wanaweza kuona kwa macho yao kwa nini.

Shangazi, niko Bungoma mjini, nina balkoni ndogo. Naweza kupanda rozimeri na nyanya kwa ndoo moja? – Dada wa ghorofa ya tatu

Hapana dada. Nyanya iliyo na matunda kwa ndoo inataka maji kila siku, mara nyingine mara mbili, na ikikosa inaoza kitako cha tunda. Ndoo mbili, balkoni moja. Nyanya iweke na mrehani, hao wanakunywa pamoja, rozimeri iwe na thaimu upande wenye jua. Kabla ya kuimwagilia ingiza kidole mpaka kiungo cha pili, ukisikia baridi ya unyevu acha.

Shangazi, mama mkwe amenigawia kichaka kikubwa cha rozimeri hapa Njoro, kina miaka mingi, na kando yake nataka kuweka kitunguu saumu, karoti, viazi na malenge. Vipi? Na nawezaje kuzalisha mingine? – Bibi arusi wa Njoro

Hongera, na mshukuru mama, kichaka cha miaka mingi si zawadi ndogo. Karoti sawa, ziwe kama nusu mita kutoka kwa shina. Kitunguu saumu ni rafiki mzuri kabisa kwa sababu karibu na kuvuna unaacha kukimwagilia na rozimeri haijali. Viazi peleka mbali, kila ukipalilia unavuta udongo na jembe linakata mizizi yake. Malenge hapana, yatatambaa juu yake wiki mbili utasahau iko wapi, na majani yake makubwa yanashika unyevu unaoleta ukungu mweupe.

Ukikata usiingie kwa mti mkavu usio na majani, hapo haichipuki tena. Kata juu juu tu, penye kijani.

Kuzalisha, chagua ncha isiyo laini sana wala ngumu, urefu wa sentimita 10 mpaka 15, ukate chini ya kifundo. Vua majani ya nusu ya chini kwa kuyavuta kuelekea chini, yanatoka kwa mpigo mmoja na mkono unanukia siku nzima. Chomeka kwa mkebe wenye mashimo uliojaa mchanga nusu na udongo nusu, weka penye mwanga bila jua kali, mchanga uwe na unyevu tu usiwe chepechepe. Chomeka kumi ukitaka sita, zingine zitakufa hata ukifanya kila kitu vizuri. Inachukua wiki nne mpaka nane. Usiivute kuangalia kama imeshika, mizizi mipya inakatika kama uzi, ngoja uone majani mapya ya kijani hafifu pale kwa ncha, hapo ndio uhamishe, na upeleke mbili kwa mama mkwe.